Sahani ya Asiyekuwepo

Mpaka leo, nikipanga meza, mkono wangu unachukua sahani moja zaidi. Watoto wangu wamekwishazoea. Wananiambia, "Maman, siye tuko batu bane tu," na mimi nawajibu kwa hasira kwamba kuhesabu najua, nilifundishwa kuhesabu sahani kabla wao hawajazaliwa, na brevet, cheti changu, nilipewa kwa kazi hiyo hiyo. Kisha nairudisha sahani kabatini. Ila kabla ya kuirudisha huwa natega sikio upande wa mlango. Hilo hawalioni, na sijawahi kuwaeleza.

Ilikuwa wakati wa Zaïre, wakati kila mwanaume mwenye cheo alivaa suti ya abacost na kila mtu aliitwa citoyen au citoyenne, mwananchi, hata kama tumbo lake halikuwa na kitu. Tulikaa Bukavu, mtaa wa Kadutu, juu kule, ambako nyumba zimebebana mgongoni. Foyer, shule niliyosomea, ilikuwa chini, Muhumba, katika nyumba kuukuu ya wazungu yenye baraza pana na madirisha yanayotazama ziwa. Humo wasichana tulifundishwa kushona, kupika, kuosha mtoto mchanga, usafi wa nyumba, na namna ya kutumia kidogo ulicho nacho bila kuaibika.

Majirani walinicheka, ee Mungu wangu, walinicheka! "Unashuka mulima kila siku kujifunza kupika bugali? Mama yako alikuwa na kazi gani?" Mimi mdomo wangu haukuwahi kulala. Niliwajibu kwamba bugali yao tunaisikia inavyoungua kutoka barabarani, na kwamba siku nikiwa mwalimu wataniletea mabinti zao niwafundishe. Nilikuwa nasema kweli. Foyer ya Mudaka ilikuwa inatafuta mwalimu, na mwalimu wetu, ambaye wote tulimwita Maman Monitrisi, alikwisha kunitaja huko. Kilichobaki ni brevet. Nyumbani tulikuwa tunaishi kwa kabichi ambazo mama aliziuza sokoni Kadutu, na mwenye kuishi kwa kabichi anajua siku kabichi zinapooza.

Baba hakuwepo. Alikuwa karani wa ofisi, mwenye mwandiko mzuri na viatu vya ngozi alivyovipaka rangi kila Jumapili. Mshahara ulianza kuchelewa, kisha ukasahau njia kabisa. Ruhusa ya kila mtu kuchimba dhahabu ilipotoka, wanaume wengi wa mtaa wetu walielekea Mwenga, na baba naye akaenda, yeye ambaye hakuwahi kushika chepeo maishani mwake. Alipanda lori akiwa na viatu vile vile vya ofisi. Mama alimwambia atafute vingine, akacheka tu. Akamwambia, "Bibi, uniwekee sahani yangu. Nitarudi na njaa."

Ni neno la mume anayeaga, neno la mzaha. Mama alilishika kama agizo.

Mbele ya mlango wetu kulikuwa na jiwe bapa la kukwangulia matope. Udongo wa Kadutu mvua ikinyesha unashika kiatu mpaka kinakuwa kizito kama mtoto. Baba alikuwa na namna yake: anakwangua mguu wa kulia, anakwangua wa kushoto, anakohoa, ndipo anasukuma mlango. Tangu aondoke, mimi nilikuwa nasikia kiatu kwenye jiwe. Sisemi nilidhani nasikia. Nilisikia. Jioni, mvua ikipungua, ngozi kwenye jiwe, upande huu, upande ule. Mama aliinua kichwa wakati ule ule nami nainua changu, tukatazamana, na mudogo wangu wa kike akauliza, "Nani?" Mara nyingine alikuwa jirani amekosea mlango gizani. Mara nyingine hapakuwa na mtu.

Habari zilikuja na madereva wa Kamituga, huko huko Mwenga. Mmoja alisema amemwona baba, ana ndevu, anacheka sana. Mwingine alisema shimo moja lilianguka baada ya mvua kubwa na watu waliokuwa ndani hawakuhesabiwa. Hakuna aliyeleta kofia wala kiatu wala neno kutoka kinywani mwake. Mwaka ukapita, na mwingine ukaja juu yake.

Basi baba mudogo, ndugu yake baba, akapanda kutoka Nyangezi kuja kusema na mama. Kwetu, mtu akipotea mbali na maiti isipopatikana, watu wa ukoo wanakata mugomba, wanaulaza kaburini mahali pa mwili wake, wanaulilia, wanaufukia. Shina la ndizi linakuwa mtu. Baada ya hapo mjane ni mjane, na watoto ni yatima, na kila mmoja anajua mahali pa kukaa.

"Asiyekuwepo na lake halipo, bibi yetu," baba mudogo alisema. "Tukate mugomba, tumalize."

Mama alikuwa anachambua mboga ya lengalenga. Hakuinua hata macho.

"Umeona maiti?"

"Hapana."

"Basi usiniletee mukosi. Mutu muzima haliliwe. Na humu mwangu, lake liko."

Na kweli lilikuwepo. Kila jioni mama alipakua chakula kwanza katika sahani ya baba, ile ya bati yenye utepe wa buluu na ukingo uliobanduka, akaifunika na sahani nyingine, akaiweka mezani mbele ya kiti chake. Mara chache tulipopata kuku, firigisi ilikwenda humo. Firigisi ya kuku ni ya baba mwenye nyumba, mwanamke haigusi, na mama hakuigusa hata tulipokuwa tunalamba vidole kwa njaa. Tulikula tukiiangalia ile sahani iliyofunikwa, na mvuke unatokea pembeni kama kuna mtu anapumua chini yake. Asubuhi mama aliifunua, akapasha moto, akatugawia. "Baba amebaachia," alisema. Mudogo wangu alikuwa anasema asante, akigeukia kiti.

Nilianza foyer nikiwa na akili mpya na ulimi mrefu. Wiki tuliyofundishwa mambo ya vijidudu katika chakula kilicholala, nilipanda mlima mbio na somo langu kichwani.

"Maman, chakula chenye kimelala kinaletaka magonjwa. Kina microbe."

"Hiyo microbe, weye umeiona fasi gani?"

"Haionekanake kwa macho."

"Aa!" Mama akapiga makofi. "Kitu haujaona, unaamini. Baba yako, mwenye ulimuona na macho yako, unakataa."

Nilikosa jibu, na kukosa jibu kwangu ni ugonjwa. Nilikasirika siku nzima. Lakini kitu nilichokuwa nakiogopa hakikuwa microbe. Niliogopa kwamba mama yuko sawa, na niliogopa kwamba hayuko sawa, na sikujua hofu ipi kubwa.

Kisha likaja somo la meza. Maman Monitrisi alikuwa mama mnene wa sauti ya chini, anayetembea bila kelele, na kwake meza ilikuwa kama misa. Kisu kulia, makali yanatazama sahani. Uma kushoto. Glasi inashikwa chini, sio mdomoni. Tulicheka, maana wengi wetu tulikula kwa mkono kutoka sahani moja na ndugu zetu, lakini tulijifunza. Nami kila jioni nilimwonyesha mama yale niliyojifunza, kwa vijiko viwili na uma mmoja tuliokuwa nao, na yeye aliangalia akiwa anajifanya haangalii.

Siku moja Maman Monitrisi akauliza, "Umealika batu, umepanga meza, mumoja hakufika. Unafanya nini?"

Msichana mmoja akajibu, "Tunamungoja, Maman."

"Munamungoja kidogo. Halafu?"

Akasogea mezani mwenyewe.

"Halafu unaondosha vyombo vyake. Kisu na uma juu ya sahani, glasi kwa mukono mwingine. Polepole, bila kelele. Kiti unakipeleka kwa ukuta. Batu banasogeleana." Alituonyesha, na meza ikafunga kama kidonda kilichopona. "Meza haina shimo. Mutu akikaa karibu na shimo, chakula hakishuki."

Wenzangu walirudia kwa sauti. Mimi midomo yangu ilienda nao, sauti ikakataa. Nilikuwa nawaza kwamba sisi tunakula karibu na shimo kila siku, na ndiyo maana chakula chetu hakishuki.

Mwisho wa mafunzo, mtihani wa meza ulitangazwa. Kila mmoja atapika na kupanga meza ya familia yake mwenyewe, na familia itakuja ikae, ikule, mbele ya inspekta. Maman Monitrisi akapita akituuliza kila mmoja ni wangapi kwao, ili atoe vyombo. Alipofika kwangu, nikaanza kuhesabu upya. Akaniangalia. Watu wa Bukavu wanajuana. Alijua habari za baba.

"Unajua sheria," akasema taratibu. "Sahani yenye kupangwa, mutu anaikalia. Kama hapana, unaiondosha. Inspekta huyu, shimo haliachake."

Nikaenda nikiwa na jambo moja tu kichwani. Nikipanga sahani tatu, nimemzika baba mbele ya mama, na mama ameketi anaangalia. Nikipanga nne, meza yangu ina shimo, na brevet inaingia humo, na Mudaka pia, na kabichi zitabaki kabichi. Mama mmoja jirani alinishauri nimwite baba mudogo akalie kiti. Nilimwambia asinitanie. Kwetu, ndugu akikalia kiti cha marehemu mbele ya mjane, watu wanaanza kuuliza harusi ni lini.

Nilimuuliza mama mwenyewe. Alikuwa anatoa majani yaliyooza kwenye kabichi.

"Maman, kwa mutihani nipange sahani ngapi?"

"Panga vile tuko."

"Tuko bangapi?"

Kisu chake kikasimama. "Haujue batu ba kwenu?"

Akarudi kwenye majani yake.

Siku ya mtihani mvua ilinyesha tangu asubuhi. Nilipika kuku, wali, na lengalenga, na jikoni sijawahi kuogopa kitu. Ilipofika saa ya meza, nilisimama mbele ya kabati la vyombo. Sahani za foyer zilikuwa nyeupe, zote sawa, hazina utepe wala ubovu. Nikachukua tatu. Nikasimama. Nikaongeza ya nne. Sitasema niliamua. Mkono ulichukua.

Mama alifika amevaa pagne, kitenge chake cha misa, amemshika mudogo wangu mkono, nywele zake zinang'aa mafuta. Nikawakalisha. Mama aliona sahani ya nne, akaketi karibu nayo, na nikaona mabega yake yameshuka, kama mtu aliyetua mzigo. Alifurahi. Ndiyo, mama yangu alifurahi, na furaha yake ikanichoma. Mudogo wangu aliugeuza uma akauliza kama ni wa kuchania nywele.

Maman Monitrisi akasimama ukutani. Tukamngoja inspekta. Mvua ikapungua, na mle ndani kukawa na harufu ya kuku na ya nguo zilizolowa.

Ndipo tukasikia kiatu. Ngozi kwenye ngazi ya jiwe, nje pale barazani. Mguu mmoja. Mguu mwingine. Kisha kikohozi.

Mama aliinuka. Sio kidogo: alisimama kabisa, kiti kikarudi nyuma, mkono wake ukaenda kwenye kitambaa cha kichwa kukirekebisha, vile mwanamke anavyojirekebisha mume akirudi safari. Nami nilikuwa nimeshika bakuli la wali. Nilisema, kwa sauti, "Baba." Wote walinisikia.

Mlango ukafunguliwa, inspekta akaingia, anakunja mwavuli wake. Mwanaume mfupi, mwenye abacost ya kijivu na miwani yenye ukungu. Alipangusa viatu vyake tena kwenye kitambaa cha mlangoni, akatusalimia kwa heshima, na kumwomba mama akae. Akadhani mama amesimama kwa ajili yake.

Mama hakukaa. Alikuwa anamwangalia yule mtu viatu vyake. Aliviangalia sana, na uso wake ukabadilika polepole, nami nikaona kitu nisichotaka kukiona tena maishani: niliona mama yangu anahesabu. Miaka yote ya kiatu kwenye jiwe. Watu wote waliokuwa wanakwangua matope yao tu, kama kila mtu wa mji huu anavyokwangua.

Inspekta akazunguka meza. Akasifu kitambaa, akasifu visu. Akasimama nyuma ya kiti kitupu.

"Citoyenne, hapa nani anakaa?"

"Baba."

"Iko fasi gani?"

Mvua ilikuwa inadondoka kutoka kwenye bati. Nilijaribu majibu moyoni. Iko Mwenga. Iko chini ya udongo. Iko njiani, amekaribia.

"Anakuya ao hakuye?" inspekta akauliza. Hakuwa mbaya. Alikuwa anafanya kazi yake. Maman Monitrisi aliniangalia, akashusha macho kwenye sahani, akaniangalia tena. Nilijua ninachopaswa kufanya. Kisu na uma juu ya sahani, glasi kwa mkono mwingine. Vidole vyangu vikakataa kuliachia bakuli.

Mama ndiye aliyefanya. Aliweka kisu juu ya sahani, akaweka uma pembeni yake, bila kuvigonganisha. Akashika glasi chini, sio mdomoni. Akavipeleka mezani kule kando, akarudi, akakishika kiti kwa mikono miwili na kukipeleka ukutani. Alikiegemeza, akabaki ameshika mgongo wake kidogo. Halafu akarudi, akakaa, akamsogeza mudogo wangu karibu naye.

"Sogeleeni," akasema. "Tukule. Mugeni wetu hatafika."

Inspekta alikunja uso. "Lakini ilipashwa kuwa mwanafunzi. Kazi hii ilikuwa yake."

Hapo Maman Monitrisi, ambaye hakuwahi kupandisha sauti mbele ya mkubwa, akasogea hatua moja.

"Citoyen inspekta, huyu maman hajawahi kuingia mu foyer. Nani amemufundisha kushika glasi vile? Mudaka banatafuta mwalimu. Mwalimu si ule mwenye kufundisha mutu kwao?"

Inspekta akavua miwani, akaifuta. Akasema ni kweli. Akaomba aonje kuku.

Tulikula. Mudogo wangu alikula chakula cha watu wawili. Mama alikula pia, na nikaona chakula kinashuka. Inspekta alipokwisha kuondoka kwenda meza ya mwenzangu, mama alichukua firigisi kutoka kwenye sahani kubwa, akaifunga katika kipande cha jani la mugomba. Nikasema moyoni, ee, bado. Kesho itakuwa kama jana. Na Mungu anisamehe, nilipumua.

Kabla ya kutoka alikwenda kwenye beseni, akaiosha ile sahani ya nne ingawa ilikuwa safi, akaikausha, akaiweka katika rundo pamoja na zingine. Nilisogea kuitafuta kwa macho. Zilikuwa zote nyeupe, zote sawa. Sikuijua tena ni ipi.

Tulipanda mlima. Nilikuwa na brevet. Maman Monitrisi alikuwa amenishika mikono yote miwili na kuniambia nijiandae kwa Mudaka. Majirani waliuliza, nikawajibu kwa kichwa tu, na walishangaa, maana hawakunizoea kimya.

Nyumbani mama aliwasha mbabula, jiko letu, makaa yakashika. Akashusha sahani ya bati yenye utepe wa buluu. Akapakua bugali, akafungua jani, akaweka firigisi juu. Nilingoja achukue sahani ya kufunikia.

Hakuifunika. Aliisukuma mezani, ikasimama mbele yangu.

"Kula."

"Maman, hii ni ya baba."

"Kula, mutoto wangu. Itapoa."

"Firigisi si ya wanamuke."

"Ni ya mwenye kulisha nyumba," akasema. "Ule ni weye sasa. Na kesho utaenda Nyangezi. Uambie baba yako mudogo akate mugomba."

Mudogo wangu alikuwa anatuangalia mmoja mmoja. Nililia. Nilikuwa nimetamani siku ile kwa muda mrefu, siku ya kuacha kungoja, na sasa ilipofika nilitaka kuirudisha ilikotoka. Nikaweka firigisi mdomoni. Ilikuwa ngumu, ina chumvi kidogo. Nikatafuna.

Mvua ilikuwa imeacha. Nje, kwenye jiwe letu, mtu akakwangua kiatu. Mguu wa kulia. Mguu wa kushoto. Kisha kimya, kama mtu anayengoja kukohoa.

Niliinua kichwa. Mama hakuinua chake. Alikuwa anamkatia mudogo wangu bugali, na mkono wake haukusimama.

"Ni matope ya batu," akasema. "Kula."

Nikala. Sikuinuka kwenda kufungua. Aliyekuwa pale nje alikaa kidogo, akashuka, nikasikia hatua zake zinapungua kuelekea chini, na mpaka leo sijui zilikuwa za nani.